Je, wajua kwa nini simu ikiandika 7:00 wewe unasema saa moja?

Simu ikiandika 7:00 asubuhi, hakuna Mswahili atakayekuambia ni saa saba. Ni saa moja kamili. Macho yanaona saba, mdomo unasema moja, na wala hakuna anayeshtuka.

Shida huja siku ya safari. Tiketi imeandikwa 01:00, mtu anajipanga kwa saa moja asubuhi, kumbe chombo kimeshaondoka tangu saa saba usiku. Hapo nauli imekula kwako.

Sasa hesabu hii imetoka wapi, na kwa nini haijafa mpaka leo?

Jua ndiyo saa yenyewe

Neno "saa" asili yake ni Kiarabu. Hesabu yake ni nyepesi: jua likichomoza, unaanza kuhesabu. Ikipita saa moja tangu kuche, ni saa moja. Zikipita sita, ni saa sita mchana, jua liko karibu na utosi. Zikitimia 12, jua linazama na hesabu inaanza upya: saa moja usiku, saa mbili usiku, mpaka kunakucha tena.

Hesabu ya kimataifa inaanzia katikati ya usiku, wakati wengi wamelala na hakuna kitu angani kinachoonyesha kuwa siku imegeuka. Mswahili anaanza na kitu anachokiona.

Kwa nini inafanya kazi huku

Sababu ni ikweta. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Kwa hiyo jua huchomoza karibu wakati uleule, iwe Januari au Julai.

London mambo ni mengine. Katikati ya Juni mchana unazidi saa 16, na mwishoni mwa Desemba haufiki saa 8. Ukiwaambia watu wa huko wahesabu tangu jua kuchomoza, saa moja yao itakuwa inahamahama kila wiki.

Siyo Waswahili peke yao

Waethiopia nao huhesabu hivihivi, asubuhi yao inaanza na saa moja. Kwa Kiganda, saa 7:00 asubuhi ni "ssaawa emu", yaani saa moja. Kwa Kinyarwanda ni "saa moya".

Hata Warumi wa kale waligawa mchana mafungu 12 na kuhesabu tangu kuche. Neno la Kihispania "siesta", yaani usingizi wa mchana, limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya saa ya sita. Mhispania wa leo anahitaji kuelezwa sita imeingiaje hapo. Mswahili haelezwi, maana saa sita mchana anaijua.

Wasomaji wa Biblia wameliona hilo pia. Siku Yesu aliposulubiwa, giza lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa. Kigiriki cha asili kinataja saa ya sita na saa ya tisa, hivyo mtafsiri wa Kiswahili hakuwa na haja ya kujumlisha wala kutoa. Tafsiri nyingi za kisasa za Kiingereza zimebadilisha namba hizo ili wasomaji wao waelewe.

Na siku inaanza lini?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kalenda ya Kiislamu, siku mpya huingia jua linapozama. Ndiyo maana mwezi ukiandama jioni, tarawehe huswaliwa usiku uleule, kabla ya funga ya kwanza. Kwa mtindo huo, usiku hutangulia mchana wake.

Kwa kalenda ya serikali na ya simu, tarehe hubadilika saa sita usiku. Lakini mitaani, mtu aliye macho saa nane za usiku bado anasema "leo" akimaanisha jana yake, mpaka alale na kuamka.

Kiswahili kina dawa ya mkanganyiko huu: "usiku wa kuamkia". Ukisikia ajali imetokea usiku wa kuamkia Jumatano, unajua ni ule usiku ulioanza Jumanne jioni. Hakuna ubishi.

Usiachwe na chombo

Kabla hujafunga begi, pitia mambo haya manne:

1. Simu ikisoma 7 hadi 12, toa sita. Ikisoma 1 hadi 6, ongeza sita. Kwenye saa ya mshale, tazama tu namba iliyo upande wa pili: mkabala wa 7 ni 1.

2. Ikiwa tiketi imeandikwa 13:00 au zaidi, toa 12 kwanza. Kwa mfano 19:00 inakuwa 7, kisha ukitoa sita unapata saa moja usiku. Na 00 isome kama 12.

3. Usitaje saa bila wakati wake. "Saa kumi" peke yake haitoshi, sema saa kumi alfajiri au saa kumi jioni.

4. Tiketi ikiandikwa Jumatano 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Uwanjani unatakiwa Jumanne usiku. Ukienda Jumatano usiku, umechelewa siku nzima.

Na ukimuagiza bodaboda aje kukuchukua, mwambie "saa kumi na moja alfajiri". Ukimtumia "5:00" tupu, anaweza kukusubiri mlangoni saa tano asubuhi, wakati basi lako limeshafika mbali.