Je, Wajua? Pikoboli huanza na "sifuri, sifuri, mbili"

Katika pikoboli ya wawili kwa wawili, mchezo uliozaliwa kisiwani Bainbridge, Marekani, mwaka 1965, anayeanzisha mpira hutangaza namba tatu: pointi za upande wake, za wapinzani, kisha kama yeye ni mwanzishaji wa 1 au wa 2. Kila zamu wenzi wote wawili huanzisha, ila zamu ya kwanza kabisa ni ya mmoja tu, naye huhesabiwa kuwa wa 2. Ndiyo sababu ya ile "mbili". Kwa kawaida anayeanzisha tu ndiye hupata pointi, hadi 11 kwa tofauti ya 2. Pasipo refa, ukishindwa kuamua kama mpira uliodunda kwenu umetoka, huhesabiwa umeingia. Jaribu kuwaambia hivyo wacheza soka!