Nyoka au Ung'ongo?

Alasiri ya tarehe 16 Januari 2025, moshi ulianza kufuka kutoka jengo la zamani la kuzalisha umeme huko Moss Landing, kijiji cha wavuvi katika pwani ya California, Marekani. Ndani ya ukumbi uliokuwa wa majenereta zilikuwa zimepangwa betri za megawati 300. Hadi usiku, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameambiwa wahame, barabara kuu imefungwa, na wazimamoto wamekaa kando wanatazama. Si kwamba walizembea. Moto wa namna ile huachwa ujimalize wenyewe.

Sasa, mwendo mfupi kutoka hapo, nje kidogo ya mji wa Watsonville unaojulikana kwa stroberi, kampuni ya New Leaf Energy inataka kuweka betri za megawati 200 kwenye shamba la matufaha, jirani na kituo cha kupoza umeme. Wakazi wamekuja juu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa moshi waliuona kwa macho yao. Ila ung'ongo nao hutofautiana, na hapo ndipo mjadala ungenoga zaidi kama pande zote mbili zingekubali kuongelea kemia.

Ndani ya seli ya betri ya lithiamu kuna tabaka mbili zinazotenganishwa na utando mwembamba kuliko unywele, zote zimeloweshwa kimiminika kinachowaka. Utando ukitoboka, tabaka hugusana na joto hupanda. Joto hilo huchochea kemikali zitoe joto jingine, na seli ikishafika hapo hairudi nyuma: inaipasha ya jirani, nayo inaipasha inayofuata. Betri za Moss Landing zilikuwa za nikeli, manganizi na kobalti. Tabaka la madini hayo likivunjika kwa joto huachia oksijeni, kwa hiyo ule ujanja wetu wa kufunika sufuria ya mafuta iliyowaka haufui dafu. Moto umejibebea hewa yake.

Zinazopendekezwa Watsonville ni za chuma na fosfeti. Hazina kobalti (habari ambayo huko Kolwezi, Kongo, inakochimbwa, haipokelewi kwa shangwe), huchelewa kuwaka na hazitoi oksijeni kwa urahisi. Wahandisi hulisema hilo kwa fahari. Wanachokipita haraka ni kwamba seli hizo nazo zikiharibika hutoa gesi inayolipuka. Aprili 2021 mjini Beijing, kituo cha betri za aina hiyo kililipuka na kuua wazimamoto wawili.

Kwa maoni yangu, mpangilio una uzito kuliko hata kemia. Septemba 2022, palepale Moss Landing, mtambo mwingine wa betri ulishika moto. Huo ulikuwa na makontena 256 yaliyosimamishwa nje, yakiachana nafasi. Likaungua moja. Mwaka 2025 betri zilikuwa zimeshonana ndani ya ukumbi mmoja, na nyingi zikateketea. Kijiji kile kile, mioto miwili, hasara tofauti kabisa. Ningekuwa mkazi wa Watsonville, swali langu la kwanza mkutanoni lingekuwa mita ngapi kati ya kontena na kontena.

Kwamba betri zinahitajika, wachache wanabisha. Mchana jua la California huzalisha umeme hadi ukamwagika. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha majiko, jua linazama. Betri huweka akiba ya mchana kwa ajili ya usiku, na mwaka 2024 jimbo lilivuka megawati 10,000 za akiba hiyo. Ubishi ni wa mahali. Kaunti inataka kanuni zake yenyewe, lakini sheria ya jimbo ya mwaka 2022 inaruhusu kampuni kuiruka kaunti na kuomba kibali kwa tume ya nishati huko Sacramento. Hilo ndilo linalowachoma watu kuliko fosfeti.

Na kuna suala la udongo. Baada ya moto wa 2025, mwanajiolojia wa bahari Ivano Aiello alipima tope la kinamasi cha Elkhorn Slough, karibu na jengo lililoungua, akakuta nikeli, manganizi na kobalti zimeongezeka juu ya ardhi mara mamia, kwingine hadi mara elfu. Aliweza kusema "zimeongezeka" kwa sababu moja tu: kikosi chake kilikuwa kimeupima udongo uleule kwa miaka mingi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Shamba la matufaha halina bahati ya namna hiyo. Mradi ukipitishwa au usipitishwe, mtu angeshika koleo na vifuko vya sampuli aende kule sasa, kabla kontena la kwanza halijashushwa.