Chungu cheusi cha Pueblo: Weusi wake ni moshi, si rangi

UKITAZAMA chungu cheusi cha kijiji cha San Ildefonso Pueblo, jimbo la New Mexico, Marekani, utadhani kimepakwa rangi ya dukani kisha kikang'arishwa kwa mashine. Wapi! Hata gurudumu la kufinyangia halitumiki.

Udongo huchanganywa na jivu la volkano ili usipasuke motoni. Mfinyanzi huusokota kama kamba, akaipandisha duru juu ya duru kwa vidole. Chungu kikikauka hukwanguliwa, kikapakwa tope jepesi na kusuguliwa kwa jiwe laini hadi king'ae. Ukipumzika katikati na tope likauke, rudi mwanzo.

Weusi huletwa na moto. Ukishakolea, hufunikwa kwa samadi ya farasi iliyosagwa. Hewa hukosa pa kuingilia, moshi ukazidi, na chungu ambacho kingetoka chekundu kikatoka cheusi tititi. Hapo ndipo roho humdunda mfinyanzi, kwani chungu kikipasuka, jasho la siku nyingi limeenda hivyo.

Waliovipa vyungu hivi jina duniani ni Maria Martinez na mumewe Julian. Mwishoni mwa miaka ya 1910, Julian alipata njia ya kuchora mapambo yasiyong'aa juu ya weusi unaong'aa. Wakati huo vyombo vya bati vya dukani vilikuwa vimeanza kuwaharibia wafinyanzi soko. Wawili hao wangeficha siri wale peke yao, lakini waliwafundisha majirani, na familia nyingi zikapata riziki. Julian alifariki 1943 na Maria 1980, ila kazi haikuzikwa nao. Mwana wao, Popovi Da, na mjukuu wao, Tony Da, waliiendeleza.

Siri hiyo ilimfikia hata Mkenya. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alifunga safari hadi San Ildefonso miaka ya sabini kujionea vyungu hivyo vikitengenezwa. Leo vyungu vyake mwenyewe, vinavyofinyangwa kwa mkono na vingine kuchomwa hadi viwe vyeusi, vimo katika makavazi makubwa, ikiwemo British Museum jijini London.

Sasa wewe kijana, huko kwenu kuna nyanya anayejua kufinyanga? Mwendee angali na nguvu. Ujuzi wa mikono haupakuliwi kwenye simu.