Ukimwona mtu anawasha taa kwa mawazo, mtazame nyusi

"Nimefika Same salama." Abiria aliyeshuka basi la Dar es Salaam huandika ujumbe huo kwa dole gumba kabla hata begi lake halijateremshwa. Herufi na nafasi zake zote ni 20. Sasa tuseme mikono imelala, sauti haitoki, na cha kuandikia kimebaki ubongo wenyewe. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Lawrence Farwell na Emanuel Donchin, walionyesha kwamba inawezekana. Mtu alikaa mbele ya skrini yenye herufi zilizokuwa zikimulika safu kwa safu, akaikazia fikra ile aliyoitaka, na kompyuta ikaitambua kutokana na mruko mdogo wa umeme unaotokea ubongoni karibu theluthi ya sekunde baada ya herufi inayosubiriwa kumulika. Kasi yao ilikuwa herufi 2.3 kwa dakika. Ujumbe wa abiria wetu ungemaliza karibu dakika tisa.

Mbinu zimeboreka sana tangu hapo, lakini mwenye dole gumba zima bado hana sababu ya kuuonea wivu ubongo wake. Nalitanguliza hili kwa sababu mikanda ya kichwani inayopima mawimbi ya ubongo sasa inauzwa mtandaoni kama saa za mkononi, na matangazo yake yanaahidi kwamba utawasha taa, utabadilisha wimbo na utaendesha simu kwa kuwaza tu.

Umeme wenyewe si uzushi. Daktari Mwingereza Richard Caton aliupima kwenye ubongo wa sungura na nyani mwaka 1875. Mjerumani Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, aliunasa kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, akakaa kimya miaka mitano kabla ya kuchapisha matokeo. Aliona jambo ambalo hadi leo ndilo rahisi kuliko yote kulionyesha: mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi ya kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde hujitokeza, hasa upande wa kisogoni. Akifumbua macho, yanafifia.

Tatizo ni udogo wake. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni makumi tu ya mikrovolti. Ukichukua mikrovolti 50, betri hiyo inaushinda mara 30,000. Tena kinachofika pale si sauti ya seli moja, bali ya maelfu kwa maelfu zilizofanya kazi kwa pamoja, na fuvu limekwisha kuivuruga. Ni kama kusikiliza gulio la tambarare ukiwa mlimani: utajua limechangamka au limepoa, lakini hutajua nani kamuuzia nani mbuzi, wala kwa bei gani. Ndiyo maana ukanda wa kichwani hausomi mawazo. Unachopata ni hali, na mabadiliko ya hali.

Basi mikanda ya bei nafuu inafanyaje kazi? MindWave ya kampuni ya NeuroSky, kwa mfano, ina sensa moja inayogusa paji la uso na kibanio cha sikioni. EPOC ya Emotiv ina sensa 14. Ishara hupelekwa kwenye simu au kompyuta kwa bluetooth, programu inazichuja, kisha inatoa namba, tuseme ya "umakini" kutoka 0 hadi 100. Fundi anayejua kuandika programu huweka sharti: namba ikipita 70, taa iwake. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Lakini pajini pana misuli, na chini yake pana macho. Kupepesa jicho, kukunja uso au kuuma meno hutoa umeme mwingi kuliko ule wa ubongo, na sensa haijui kubagua. Kwa hiyo ukimwona mtu kwenye video anawasha taa "kwa mawazo", mtazame nyusi. Mara nyingi kazi imefanywa na kope. Simwiti tapeli; kupepesa mara mbili ni amri nzuri tu, tena ya kutegemewa kuliko mawimbi, ili mradi iitwe kwa jina lake.

Jirani zetu Kenya wana mfano wao. David Gathu na Moses Kiuna, vijana wa Kiambu waliojifunza ufundi wenyewe, waliunda mkono bandia kwa vipande vya vifaa vya umeme vilivyotupwa, plastiki na mbao. Walianza kuushughulikia mwaka 2012, baada ya jirani yao kupoteza kiungo katika ajali kiwandani. Toleo lililopata umaarufu baadaye linapokea ishara kutoka kifaa kinachovaliwa kichwani. Mimi kilichonivutia zaidi ni zile mbao: kitu kinachoweza kurekebishwa na fundi wa mtaani kikiharibika.

Wauzaji wengine wanadokeza kwamba mikanda hii inaweza kugundua kifafa. Hapo wasisikilizwe. Kipimo cha hospitali cha mawimbi ya ubongo (EEG) hutumia sensa, yaani elektrodi, 19 au zaidi zilizopangwa kichwa kizima, na husomwa na mtu aliyefundishwa. Sensa moja ya pajini haiwezi kuchukua nafasi yake. Kuna pia suala la nani anabaki na data. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Chile iliiamuru Emotiv kufuta taarifa za ubongo za seneta wa zamani Guido Girardi, aliyekuwa amenunua kifaa chao. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayenunua ukanda aulize mawimbi yake yanahifadhiwa nchi gani.

Turudi Same, kwa sababu kuna jambo matangazo hayalitaji: nywele. Elektrodi inataka kugusa ngozi. Vifaa vingi vilibuniwa kwa vichwa vya nywele laini zinazolala, na ukimvalisha mama wa kata ya Kisiwani mwenye nywele nene, sensa zinaelea juu juu kama kofia ya mtoto. Mafuta ya nywele yanaongeza kizuizi, ndiyo maana hospitalini mtu huambiwa aoshe kichwa kwanza. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, aliligeuza tatizo kuwa suluhisho. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba nywele zikisukwa mistari, elektrodi zenye vibanio zinaweza kushikiliwa na misuko yenyewe huku zikigusa ngozi iliyo wazi katikati. Kwa lugha ya saluni zetu, twende kilioni imekuwa sehemu ya kipimo. Jasho nalo huyumbisha ishara, kwa hiyo kifaa hichohicho huenda kikatulia kwenye baridi ya Chome, chini ya kilele cha Shengena, na kikahangaika mchana wa jua kali Makanya.

Nani basi anauhitaji ukanda wa namna hii? Katika mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, wilayani Hai, watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya 2003 na 2006. Baada ya kurekebisha kwa umri, walipata 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka; Dar es Salaam ilikuwa 315.9. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo mchokozi mkubwa. Wanaonusurika wengi hubaki na mkono usiofunguka au ulimi mzito. Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha IpsiHand, kifaa kinachosoma mawimbi ya mgonjwa anapojaribu kukunjua mkono, kisha kinaukunjua kwa mota, ili ubongo ujifunze upya. Hapo mawimbi ya ubongo yanafanya kazi ambayo dole gumba haliwezi.

Kwa familia ya kule Mamba inayouza tangawizi, ambayo hospitali ya KCMC kwao ni kushuka mlima hadi Same kisha takriban kilomita 100 hadi Moshi, kifaa hicho kiko mbali. Kuamrisha simu kwa sauti pia kuna mipaka. Google ilianza kuandika Kiswahili cha kutamka mwaka 2017, lakini babu mwenye ulimi mzito, tena anayeongea Chasu, lugha ya Wapare, haitamwelewa.

Kuna njia nyingine, na huenda iko tayari mfukoni mwa mjukuu. Tangu 2021, simu nyingi za Android zinaweza kuamrishwa kwa ishara za uso kupitia kamera ya mbele, katika sehemu ya mipangilio inayohusu watumiaji wenye ulemavu. Kisanduku cha rangi hutembea kwenye skrini kutoka kitufe hadi kitufe. Kikifika panapotakiwa, mgonjwa anainua nyusi, na simu inabofya. Nyusi si chaguo la bahati nasibu. Kiharusi cha kawaida hupindisha mdomo, lakini paji la uso huwa linasalimika, kwa kuwa misuli yake inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Tabasamu linaweza kukataa, nyusi zikakubali.

Ni palepale pajini ambapo ukanda wa kununua ungeweka sensa yake, na pengine ungenasa msuli uleule, kwa gharama kubwa. Tofauti inaonekana usiku umeme ukikatika: kamera haioni uso gizani, na ukanda unaendelea kunasa.