Kwa sababu gani orkide inaoza ndani ya kioo?

Wandugu, orkide nyingi za pori yetu hazioti mu udongo. Zinashika ku tawi la muti, mizizi inaning'inia inje. Mizizi ile iko na ngozi nyeupe kama sponji: mvua ikinyesha inakunywa mbio, kisha upepo unaikausha. Inapashwa kupata yote mbili.

Zamani watu wa Uingereza hawakufahamu mambo hiyo. Walifungia orkide za inchi za joto mu nyumba za vioo, moto mukali, hewa imefungwa kabisa. Zikakufa kwa wingi. Mu miaka ya 1830 Joseph Paxton, mutunza bustani wa Chatsworth, akaacha hewa iingie, na zake zikaendelea vizuri.

Leo kuko watu wanapanda orkide ndogo mu kisanduku cha kioo, na hatari iko ile ile. Muchana hewa ya joto inabeba mvuke mwingi. Usiku inapoa, haiwezi kuubeba wote tena, basi matone yanashika ku kioo na katikati ya majani machanga. Maji yakilala pale, ua linaoza.

Kwa hiyo toboa tundu chini na lingine juu. Hewa ya joto inapanda inatoka, ya baridi inaingia chini. Mwenye vantilateri kidogo aielekeze ku kioo, hapana ku mizizi, itaikausha mno. Na maji umwangie asubui, si mangaribi. Kama saa ine ya asubui kioo kingali kinatoka matone, tundu zako ni ndogo.