Senti ya Shaba ya Mwaka 1943

Katika mwaka wa 1943 Marekani ilikuwa vitani, na shaba ilitakiwa sana kwa risasi na nyaya. Kwa hiyo senti za mwaka ule zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zikawa nyeupe. Lakini vipande vichache vya shaba, vilivyokuwa havijapigwa chapa, vilikuwa vimesalia kiwandani. Navyo vikapigwa pamoja na vile vya chuma. Hilo ni kosa la kiwanda chenyewe, na senti za namna hiyo zimepata kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 moja.

Basi wadanganyifu hawakulala. Wengine huipaka shaba senti ya chuma. Wengine huchukua senti ya 1948, wakaichonga ile 8 hata ionekane 3.

Aliyeokota senti nyekundu ya 1943 asifurahi upesi. Kwanza aisogeze karibu na sumaku: ikinaswa, ni chuma. Isiponaswa, aipime kwa mizani. Ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma 2.7 tu. Lakini ile ya 1948 nayo ni shaba, hushinda sumaku na mizani pia. Hapo hutakiwa kioo cha kukuzia. Mkia wa 3 halisi ni mrefu, hushuka chini kuliko tarakimu zilizo kando yake. Ukiwa mfupi, ni 8 iliyochongwa.