Si kila mguu uliovimba ni matende, huenda ni moyo

Katika mwambao wetu, kuanzia Kaole hadi Saadani, mguu ukivimba jina lake huwa tayari: matende. Jirani hulitaja kabla ya daktari. Si ajabu, kwani ugonjwa huo unaoenezwa na mbu umewatesa watu wa Pwani kwa vizazi vingi. Hatari ni pale jina hilo linapopewa mgonjwa ambaye tatizo lake liko kifuani.

Chukulia mama anayekaanga samaki ufukweni Bagamoyo. Jioni kandambili zinambana, asubuhi miguu imenywea. Anajikanda kwa maji ya moto na chumvi, miezi inapita. Kisha anaanza kuhema akitembea kidogo tu, na usiku hawezi kulala bila kuongeza mto wa pili. Dalili hizo kwa pamoja zinaashiria moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Damu ikikwama njiani kurudi kwenye moyo, maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kukusanyika miguuni.

Jaribu hili nyumbani. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, karibu na kifundo, kwa sekunde 10, kisha achia. Shimo likibaki, kuna maji. Uvimbe unaotokana na moyo kwa kawaida hushika miguu yote miwili. Matende mara nyingi huelemea mguu mmoja, na yakikomaa ngozi huwa ngumu yenye mikunjo. Lakini matende machanga nayo hubonyea, na ugonjwa wa figo au ini pia huvimbisha miguu. Kwa hiyo kidole gumba hakitoi jibu. Kinakuambia tu uende kupimwa.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho jingi: usisubiri kukuche.

Mzazi, mtazame na mtoto. Akiwa na homa na viungo vikauma kwa kuhama, leo goti, kesho kiwiko, wiki mbili au tatu baada ya kuumwa koo, usiseme "anakua tu". Huenda ni homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu valvu za moyo. Ikigundulika mapema, sindano za penisilini kila wiki 3 au 4 huzuia isirudi. Mtoto mwenye kucha za rangi ya bluu, au ncha za vidole zilizovimba kama kirungu, apimwe kama ana tatizo la moyo la kuzaliwa nalo.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Omba upimwe presha, sukari na mkojo. Ikibidi utapewa rufaa hadi Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambako moyo hupimwa kwa ultrasaundi. Kama unatumia dawa za presha, usiziache kwa sababu unajisikia nafuu.

Jirani akikuambia ni matende, mshukuru, kisha nenda ukapimwe.